Bata Bukini Tulioachiwa

Enzi zetu, wanaanza wenzangu wa Kasingirima kila tukikutana msibani, ukimwachia mtu mali yako unaikuta. Nawasikiliza, hasira inanipanda.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa kutoka Kongo, Mama Furaha alifikia kwetu na mtoto mgongoni na kapu lenye bata bukini wawili, dume na jike. Tuliacha mchezo wa rede tukawachokoze. Dume alilaza shingo, akatukimbiza mpaka tukajifungia jikoni. Walikula majani kama mbuzi. Wakipotezana kidogo tu nyuma ya choo, waliitana mpaka mtaa mzima ukajua.

Ikaja amri wakimbizi wote waende kambini. Mama Furaha alimshika mama yangu mkono. "Munichungie hawa, mama. Musiwatenganishe, ni bibi na bwana."

Baba ndiye aliyejibu. "Nenda kwa amani. Hapa ni kwako."

Haukuisha mwezi, wakaja wageni wa baba kutoka Kidahwe. Samaki wa migebuka walikuwapo, dagaa walikuwapo, lakini baba alitaka aonekane mtu. Dume akachinjwa, akaungwa kwa mawese. Jike alizunguka ua akiita siku nne, hagusi hata jani. Mama alipolalamika, baba alicheka: "Ndege tu huyo, atasahau."

Hakusahau. Mama Furaha aliporudi na kibali cha siku moja, alibisha hodi tu, jike akatambua sauti, akamkimbilia mbawa wazi.

"Na bwana yake?"

"Aliugua, akafa," baba alisema bila kupepesa.

Mama Furaha akampa pole. Pole! Akatushukuru kwa kumuuguza, akafungua kitenge akatugawia maharage ya mgao wake wa kambini. Baba akayapokea kwa mikono miwili. Mama aliinamia jiko, akachochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Nilikuwa na miaka tisa, nayajua yote, nikanyamaza. Mama Furaha akaondoka na jike wake kwapani.

Leo wenzangu wanawasema vijana: hawaaminiki, hawana haya, kazi yao simu. Kweli, hawa wanapiga picha hata ugali kabla ya kunawa. Lakini mkinitajia uaminifu wa enzi zetu, nitasimama hapohapo msibani niwaambie. Aliyesema uongo ni baba. Paja nililila mimi, na vidole nikalamba.