Programu Niliyoigawa Bure na Sauti ya Mama

Miaka ile ya dhahabu, Tarime ilikuwa imechangamka mpaka usingizi ulikuwa shida. Makarasha yalisaga mawe mchana kutwa, na vijana waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, waliingia dukani kwangu wakiwa weupe kwa vumbi, wakitaka kuchaji simu. Nilikuwa na chumba kimoja cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta. Mwenye nyumba alikuwa mzee fundi cherehani ambaye baba yake alihamia huku kutoka Pwani. Alishonea barazani, mlangoni kwangu kabisa, kwa hiyo hakuna mteja wangu aliyempita bila kusalimiwa.

Hapo ndipo nilipoandika programu yangu. Niliiandika kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa analima mtama na mahindi Robanda, kwenye mpaka wa hifadhi. Mazao yakikaribia kukomaa, tembo walivuka jioni kuja mashambani. Sisi Waikoma tembo tunamheshimu, na mama sikuwahi kumsikia akimtukana, hata asubuhi moja aliposimama katikati ya shamba lililolazwa chini lote. Alisema tu, "Wangetuambia wanakuja."

Neno hilo nilirudi nalo Tarime. Nikaandika programu ndogo: mtu mmoja akiwaona tembo, anatuma ujumbe kwenye namba moja, na kompyuta niliyoiweka Robanda, iliyounganishwa na modemu yenye laini ya simu, inawatumia ujumbe huo wenye mashamba wote. Ilipoanza kufanya kazi vizuri niliiweka kwenye mtandao na maandishi yake yote ya ndani, ili yeyote aichukue, aitumie, aibadilishe apendavyo. Kompyuta nilijifunzia kwa programu huria, zilizoandikwa na watu ambao sitawaona maishani mwangu. Nilikuwa nimekula kwao muda mrefu, na mimi nikatamani kupika.

Fundi cherehani aliposikia alisimamisha mguu wake kwenye pedeli.

"Binti yangu, hapa watu wanachimba mpaka sakafu za vyumba vyao. Wewe umepata kitu, unagawa?"

"Nikigawa bado ninacho, mzee."

Alicheka, akaendelea kushona.

Lakini programu ilikuwa na upungufu ambao haukunitoka moyoni. Mama hajui kusoma. Ujumbe ukiingia, alichukua simu akaenda kwa jirani asomewe. Siku moja jirani alikuwa amekwenda mnadani Mugumu. Mama alikaa na simu mkononi, akijua kuna jambo ndani yake, hajui ni lipi. Alipowasikia tembo walikuwa tayari kwenye mtama. Aliponisimulia hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Simu yako iliniambia, ila mimi ndiye sikuelewa." Hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu.

Nilijaribu kuifundisha programu kupiga simu na kusema. Nilishindwa. Mtandao ulikuwa dhaifu, simu zilikatika katikati ya neno, nami sikujua la kufanya.

Basi siku moja aliingia dukani dereva wa kampuni moja iliyobeba wafanyakazi kwa mabasi kule upande wa Genkuru. Simu yake ikaita, akaiweka sauti ya juu huku anatafuta kalamu. Ikasema kwa Kikurya basi la jioni linatoka saa ngapi. Ikakata. Halafu ukaingia ujumbe wa maandishi wenye maneno hayohayo, na mwishoni umeandikwa "Asnte".

Nikaomba niuone. Kosa hilo lilikuwa langu. Nililiandika kwa haraka siku ya kwanza na sikulirekebisha. Ilikuwa programu yangu, imetoka nyumbani bila sauti, nami nakutana nayo inaongea Kikurya! Nilishikwa na furaha mpaka dereva akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Kesho yake nilikwenda kwenye yadi yao. Fundi wao wa kompyuta alikuwa kijana wa Kemambo, mrefu, mpole. Nilipojitambulisha uso ulimbadilika.

"Dada, umekuja kutushtaki?"

"Nimekuja kukushukuru. Umeifanyaje ikaongea?"

Akavuta kiti. Alikuwa na hamu ya kueleza, maana pale hakuwa na mtu wa kumwelewa. Alinionyesha jinsi alivyoifanya isubiri, isikilize, na irudie simu ikikatika. Ilikuwa kazi safi. Nikamwomba airudishe mtandaoni, kila mtu aipate.

"Mimi ningetoa leo hii," alisema. "Muulize bosi."

Meneja alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha soda.

"Unataka tukulipe?"

"Hapana, baba. Niliigawa ili itumiwe. Naomba tu mtoe mlichoongeza, kama nilivyotoa mimi."

"Hicho ni chetu sasa. Huyu kijana tunamlipa mshahara."

"Najua. Lakini siku akiondoka, nani ataitunza? Ikiwa ya wote, wengi wataitunza, na nyinyi mtafaidi kama mlivyofaidi mwanzo."

Nikamweleza habari za mama na simu asiyoweza kuisoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, kwamba kampuni si yake, na kitu cha kampuni hawezi kukigawa kwa huruma. Nilimaliza soda yangu nikaondoka. Njiani nililia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko hasira.

Mvua zilipoanza, kampuni ya simu ilibadilisha kitu kwenye mtandao wake na programu ikanyamaza kila mahali. Robanda ilinyamaza, na yadini pia. Nilikaa nayo hadi nikapata dawa. Nilipomaliza, fundi cherehani alikuwa wa kwanza kuniuliza, "Na wale wa mabasi?"

"Nawapelekea."

"Walikunyima."

"Wafanyakazi wanalala barabarani kwa kukosa basi, mzee. Hao hawakuninyima kitu."

Nilimpigia yule kijana nikamwelekeza marekebisho hatua kwa hatua. Sikumwomba chochote.

Baada ya siku chache meneja alikuja dukani mwenyewe. Alisalimiana na fundi cherehani, akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja huku amevua kofia.

"Nimewaambia wakubwa wangu kwamba tumetengenezewa bure na mtu tuliyemnyima," alisema. "Wakaniuliza kwa nini tulimnyima. Wamekubali. Chukua hiyo sauti. Na Ijumaa mchana kijana atakuwa anafanya kazi ya programu yenu, kwa mshahara wetu."

"Yetu," nikamwambia. "Ni yenu pia."

Ijumaa ya kwanza tulikwenda Robanda, mimi na yule kijana, kurekodi onyo kwa Kiikoma. Tulimtaka mama, kwa kuwa sauti yake hata mbali inasikika. Tulimwomba aseme maneno machache tu, tembo wamevuka. Akakataa.

"Mtu hapigiwi simu akaambiwa tembo bila salamu. Hata hawa watoto wa machimbo ya dhahabu wanasalimia."

Akaanza kusalimia, akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe, akaulizia mguu wa jirani mmoja. Kijana alikuwa amejishika mdomo asicheke. Akamwambia, "Mama, tembo watakuwa wameshakula na kurudi hifadhini." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mwisho wakapatana: salamu moja, kisha tembo, kisha "toka na debe, usiende peke yako." Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Tuliliacha.

Jioni moja nikiwa kwake, simu yake iliita. Akapokea, akasikia sauti yake mwenyewe ikimsalimia, akaitikia kwa heshima zote. Halafu akaninyooshea simu, macho yamemtoka. "Kumbe ninavyosalimia ni vizuri hivi!" Tukachukua madebe tukatoka tukiyagonga. Majirani nao walikuwa wanatoka, nyumba baada ya nyumba, na moshi wa pilipili wa kuwafukuzia tembo ulikuwa umeshaanza kupanda. Tembo walisimama mbali, wakapunga masikio, wakageuka. Mtama ule tuliuvuna.

Baada ya hapo nilijifunza kubisha hodi. Nilikwenda kwenye kambi za watalii na kwa wenye malori waliokuwa wanaitumia programu, nikawaambia bila aibu: mmeichukua, karibuni, sasa rudisheni chochote mnachoweza. Wapo walionitazama kama ombaomba. Kambi moja ilitoa sola ya kuendesha kompyuta ya Robanda. Mwenye malori alimpa karani wake ruhusa ya kuandika maelezo ya kuitumia kwa Kidholuo.

Mama sasa anafahamika kwa watu asiowajua. Mnadani Mugumu mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua nyanya alimsikia akiuliza bei, akageuka ghafla.

"Ni wewe wa kwenye simu?"

"Ni mimi," mama akasema. "Mlitoka na debe?"

"Tulitoka," yule mwanamke akajibu, akamshika mkono, na wakaanza kusalimiana upya.