Gari la Taimi Lililovuja Kila Mahali

Watu wa kijiji kile cha kando ya ziwa, mbali kidogo na mji wa Kajaani, Ufini, hawana maneno mengi. Ukimsalimu mtu asubuhi, huenda ukajibiwa jioni. Lakini macho wanayo, na mwaka ule theluji ilipoyeyuka macho yote yalitua mahali pamoja: kwenye doa jeusi chini ya gari la Taimi Väisänen.

Taimi alikuwa mpeleka barua tangu usichana wake mpaka walipomstaafisha, na lile gari dogo la samawati alilipitisha katika kila njia ya vumbi na ya barafu. Lilianza kutona oili mumewe angali hai. Watu walimtania kwamba ukitaka kujua nyumba gani imepata barua, fuata matone. Yeye hakujali. Gari lisilotona, alisema, halina kitu tumboni.

Safari hii halikutona, lilimwaga. Na ubaya ni kwamba wakati wa Pasaka Taimi alikuwa amewekeana ahadi na mwanawe. Jouko aliishi mjini, na kila mwisho wa mwezi alikuja kunywa kahawa na kumshawishi mama yake ahamie karibu naye, katika nyumba ya ghorofa yenye lifti. Taimi alichoka kubishana, akatoa neno: gari likipita ukaguzi wa Juni, asisikie tena habari za lifti. Likikataliwa, atafunga virago. Maana pale kijijini duka liko mbali, kanisa liko mbali zaidi, na Taimi hakuwa mtu wa kuomba lifti ya aina yoyote.

Alipoahidi alikuwa na uhakika. Sasa hakuwa nao hata chembe, na usingizi ulimpaa.

Akamwita Oiva, jirani yake, mgane aliyewahi kuwa fundi wa matrekta. Kusema alimwita ni kutia chumvi. Alitoka uani akasimama kando ya gari akitazama mawingu, naye Oiva akavuka uzio akaja kusimama kando yake. Wakalitazama doa mpaka likawachosha.

"Linavuja," Oiva akasema hatimaye.

"Asante kwa kunifumbua macho."

Oiva aliutafuta mvujo ule kama mtu anayemtafuta mwizi ndani ya ukoo wake mwenyewe: kwa adabu, bila kumtuhumu yeyote. Kwanza alikaza boliti za chini. Doa likakua. Kisha akashuku gasketi ya kifuniko cha juu, akaibandua, akatia mpya. Doa likazidi kukua. Taimi akamuuliza kama gari analitengeneza au analilisha. Masikio ya Oiva yakaiva, na Taimi, akidhani amemuumiza, akamkatia kipande kingine cha mkate wa iliki.

Baada ya kahawa Oiva akatoa hotuba, yaani alisema sentensi kadhaa mfululizo. Oili ni mwongo, alieleza. Inadondokea hapa lakini imetoka kule, imeteleza juu ya vyuma na kupeperushwa na upepo. Dawa ni kuiosha injini mpaka ing'ae, kuikausha, kuipaka poda, kuendesha, kisha kuangalia poda imelowa wapi. Akaenda kwake akarudi na kopo la poda ya miguu. Injini ikawa nyeupe pee.

"Tunalipeleka kwenye ukaguzi au harusini?" Taimi akauliza.

"Endesha."

Wakaenda hadi kanisani wakarudi. Oiva akafungua boneti. Poda ilikuwa imelowa juu, imelowa mbele, imelowa nyuma.

"Injini haiugui kila mahali kwa siku moja," Oiva akasema. "Hii haivuji. Inatapika."

Ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili, ambacho hakuna aliyekigusa siku zote zile, kwa sababu doa lilikuwa limeshasema ya kutosha. Oili ilikuwa imeipita alama ya mwisho na kupanda mbali. Injini imeshiba hadi kooni, nayo oili, kwa kukosa pa kukaa, inasukuma kila sili na kila gasketi ikitafuta mlango.

Akamuuliza Taimi kama huwa anaongeza. Huongeza, Taimi akajibu, kila Jumamosi kabla ya kuoga mvuke wa sauna. Gari linavuja, angefanyaje?

Oiva akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Na mimi," akasema. "Jumatano, ukiwa kwayani. Sikutaka kukusumbua."

Taimi akacheka mpaka akashika boneti. Manahodha wengi chombo huenda mrama, sembuse manahodha wasiosemezana. Walipoimwaga oili ya ziada, beseni lilijaa na ndoo ikafuata, na hapo kicheko kikakatika. Hata ukijumlisha wema wa wote wawili, ile ilikuwa imezidi. Oiva akaenda nyuma ya banda la kuni kutafuta chombo kingine, akarudi na makopo matupu yaliyokuwa yamefichwa chini ya turubai. Yalikuwa ya oili ghali, ya mjini. Na aliyekuwa akitoka mjini ni mtu mmoja tu.

Wazo chungu likamwingia Taimi: mtu akitaka kuiua injini bila kuacha alama, si aishibishe tu? Alimuuliza Oiva. Oiva akasema hajui, akavuka uzio akaenda zake. Wazo hilo Taimi alilala nalo na kuamka nalo mpaka siku ya ukaguzi.

Jouko alikuja kumsindikiza. Mkaguzi alimulika chini ya gari huku na huku, akatoka na mikono mikavu, akawapa karatasi yao. Limepita. Lakini Taimi alipokaa kwenye usukani hakuwasha. Alitoa kopo tupu mkobani akaliweka mbele ya mwanawe.

"Ulitaka kuliua?"

Jouko alilitazama kopo. Alionekana mtoto, pamoja na mvi zake.

"Kila nikija doa limekua," akasema. "Nikawa naongeza ukienda kuwasha sauna. Ningekwambia ungenifukuza. Ile barabara haina watu, mama, na simu yako huichaji."

"Lingekufa, si ungenipata?"

"Nilitaka uje. Sikutaka uletwe."

Taimi alimwamini palepale, akaona haya kwa yote aliyomwazia. Jouko akasema basi, mama ameshinda, habari za lifti zimekwisha. Alitabasamu alipokuwa akisema, kisha akageukia dirishani. Hapo ndipo Taimi alipoona ameshinda nini. Mwanawe hakuwa mtu wa kuja bila sababu. Kwao hakuna aliye hivyo. Kila mwisho wa mwezi alikuja kubishana. Ubishi ukiisha, angekuja kufanya nini?

Akawasha gari.

"Mwisho wa mwezi njoo," akasema. "Ile nyumba ya ghorofa bado sijaielewa. Itabidi unieleze tena."

Jouko akamgeukia polepole. "Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Unanijua nilivyo mgumu wa kuelewa." Akaingiza gia. "Ila oili usilete."