Fundi wa Dar, Mtaa wa Lizaboni

Kabla ya kurekodi wimbo wowote, Lidwina alihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne," ili waimbaji waingie pamoja. Wakishaondoka, aliifuta hesabu ile. Miaka sita alifanya hivyo katika chumba chake cha Lizaboni, kuta zimezibwa kwa magunia ya mahindi: alipiga kinanda, akapanga ngoma za umeme, akaunganisha sauti za watu, kisha akajifuta.

Kwaya kumi na moja zilipita hapo. Kwenye kava za kaseti zao aliandikwa mwenyekiti, akaandikwa mlezi, hata dereva aliyewapeleka Mpitimbi kupiga picha. Yeye hakuandikwa. "Tunamtukuza Mungu, mama, si mtu," mwalimu mmoja wa kwaya alimweleza. Jina la mwalimu huyo lilikaa juu kabisa, kwa herufi nyekundu.

Ndipo akaja Alfani, mwimbaji wa Namasakata, kule Tunduru, na wimbo wa korosho uliokuwa umedoda madukani mwaka mzima. Alitaka ufanywe upya, uchezeke. Lidwina alitoa sharti moja: jina lake likae kwenye kava.

"Hilo tu, dada? Wallahi litakaa."

Aliufanyia kazi siku tisa, umeme ukija na kuondoka. Wimbo ulipotoka ulipigwa stendi nzima. Alfani alirudi na kava mkononi, anatabasamu kwa woga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lete nione."

Iliandikwa: *Kinanda na mitambo, fundi wa Dar es Salaam.*

"Alfani, mimi Dar nimefika mara moja, tena msibani."

"Wenye maduka ndio walionishauri, dada. Nikiandika Lizaboni, nani atanunua? Watasema, huyu si tunamsikia bure dirishani!"

Lidwina alicheka kidogo. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomchosha zaidi.

Alfani alikuwa amekuja kurekodi wimbo wa upande wa pili. Safari hii, alisema, jina litakaa. Lidwina akawasha mashine. Walirekodi hadi adhuhuri, Alfani akatoka kwenda kuswali. Lidwina akarudisha kaseti mwanzo ili aifute hesabu yake kama kawaida. Kidole kikasita. Badala ya kufuta, alisogeza kipaza sauti, akarekodi upya mahali palepale: "Lidwina Komba, Lizaboni. Moja, mbili, tatu, nne."

Akasikiliza. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayeitika jina lake hospitali baada ya kungoja tangu asubuhi. Aliiacha.

Alfani aliporudi, Lidwina alimwekea kaseti tangu mwanzo, naye akatega sikio. "Nani huyo anaongea mwanzoni?"

"Fundi wako wa Dar."

"Aa, dada! Ifute bwana, gari la Tunduru linaondoka saa nane."

"Mashine hiyo hapo. Ifute mwenyewe."

Alfani aliinama juu ya mashine. Alivitazama vitufe kimoja kimoja, akanyoosha kidole, akakirudisha. Mwishowe akaomba kaseti yake, akaitia mfukoni, akaaga.

Lidwina alikifunika kinanda kwa kitenge, akajilaza juu ya magunia yaliyobaki.