Kichwa Kimepasuka

Juzi niliona gari kuukuu likifuka mvuke kwenye mlima wa Rusizi ya Kwanza, nikacheka peke yangu. La Papa nalo lilichemkia hapo nikiwa mdogo, likinuka mpira ulioungua. Maman alikwenda kuchota maji. Fundi tuliyemwita akafungua kifuniko cha mafuta ya injini, akakuta povu jeupe kama maziwa.

“Papa, maji imeingia mu mafuta. Kichwa imepasuka,” alisema fundi.

Papa akajishika kichwa. Leo najua kwamba hata injini ina kichwa. Siku ile nilipiga kelele: “Maman! Kichwa ya Papa imepasuka!”

Maman akaja mbio, akammwagia bidoni nzima ya maji.

“Maman, hii maji ilikuwa ya moteri!” fundi akalalamika.

“Moteri itangoja,” alijibu, akipekua nywele za Papa akitafuta damu.