Promosheni ya mjomba na maparachichi yangu ya chini ya gunia

Wakuu, habari za humu ndani. Mnisamehe kwa herufi nitakazokosea, niliishia darasa la saba na naandika taratibu. Ila haya yamenitokea mwenyewe hapa Korogwe, sijatia chumvi.

Mimi naogopa watu. Mjomba alinitoa kijijini Bungu nimsaidie kuuza maparachichi sokoni, lakini kunadi siwezi, sauti inakwama.

Siku moja akasema, "We kijana, leo usipouza, kesho unapanda gari la Bungu ukalime."

Na mjini nimeshapazoea jamani.

Mjomba alikuwa ametoka kwenye semina ya wafanyabiashara. Karudi na maneno: ofa, targeti, mteja lengwa. Hata akinywa chai anasema anajenga brandi.

Asubuhi hiyo akawasha spika. "Promosheni! Ofa ya ufunguzi! Nusu bei!"

Hapo ndipo alipoharibu. Soko letu mzigo hushushwa bei jioni, ukianza kulainika. Ukishusha asubuhi, watu wanajua mzigo umeoza.

Mama mmoja muuza samaki akacheka, "Baba, hayo ni ya kula au ya kusiliba ukuta?"

Hakununua mtu.

Mimi nilikaa pembeni na fungu langu, nimelifunika gunia lisipigwe na jua. Yule mama akanijia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya uliyoficha ni ya nani?"

Nikainama, nikalivuta gunia liyafunike vizuri.

"Ahaa, kaagiza mwenye hoteli! Hayaendi popote, nipe mimi."

Nilitaka kumwambia ni yale yale ya mjomba. Sauti ikakwama.

Sawa wakuu, safari hii sikuilazimisha sana.

Akaita wenzake, wakagombania kwa bei kamili. Yalipoisha nikachota kwenye fungu la mjomba, nikayafunika gunia. Nayo yakaisha.

Mjomba akazima spika, akawatangazia majirani kwamba huo ndio mkakati wake, yeye avute macho, mimi nifunge mauzo. Mimi nikakunja gunia langu.

Kesho yake gari la Bungu alipanda yeye, kufuata mzigo. Meza kaniachia mimi.

Nilichojifunza: kabla hujatangaza ofa, jua kwanza watu wa soko lako wataielewaje.

Wenye biashara, nani promosheni ilishamgeuka? Niandikieni hapo chini. Nitawajibu wote, mnivumilie tu, vidole vyangu ni vizito.