Mil Si Maili

Nakumbuka Jumamosi moja pale Rågsved, mtaa mmoja wa huku kwa Waswidi, mwanangu, Mzee Sefania amefungua boneti ya gari lake kuukuu, ameegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anasikiliza kama daktari. Alikuwa Mrundi, aliyekuja ukimbizini miaka mingi kabla yetu. Hakunywa wala hakuvuta. Starehe yake ilikuwa gari hilo. Injini aliifungua na kuifunga kwa mikono yake, na vitambaa vya viti, vya kitenge, alivishona marehemu mkewe.

Miaka hiyo ya elfu mbili, magari yenye kiu yalianza kuandamwa. Kila mtu alisifu miljöbil, gari dogo la mafuta kidogo na moshi kidogo, na sheria mpya zikalibembeleza. Magari ya kina Mzee yakawa kama mgeni aliyekaa mno. Pale uwanjani walipoegesha niliyahesabu saba. Niliporudia baadaye, manne. Sina ugomvi na sheria. Moshi ni moshi, na kifua cha mtoto hakijui gari linalopendwa.

Mzee akanijia Husby, nilikoishi, na karatasi mbili: ya gari lake, na tangazo la gari jipya.

"Mwana wangu, weye umesoma. Nipigie hesabu. Nilitunze ao nilitoe?"

Mimi hata ujanani nilikuwa hivi hivi: nyanya nilizipima dukani, nikazirudia nyumbani. Lakini nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nitoke Nakuru. Tangazo lilisema lita tano kwa kilomita mia. Karatasi ya Mzee ilisema lita moja kwa "mil". Nikajua ni maili, Waswidi wamebana herufi. Nikapiga: lita sitini na mbili kwa kilomita mia! Nikarudia. Sitini na mbili.

"Mzee, hili si gari, ni mlevi."

"Mbona silipeleki kituo cha mafuta mara nyingi hivyo?"

"Mapenzi hayana hesabu, Mzee."

Akazikunja karatasi zake. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona nimesema neno.

Wiki ya pili tukalipeleka likavunjwe. Mzee alivua vile vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akavipakata kwenye treni mpaka nyumbani.

Baridi ilipoingia, Mswidi mmoja kazini akaniambia kutoka pale Husby hadi Upplands Väsby ni mil moja na nusu. Nikamwambia basi nitatembea. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mil yao ni kilomita kumi. Kumi, mwanangu! Gari la Mzee lilikunywa lita kumi kwa mia, kiasi cha mtu mzima wa umri wake.

Nilikwenda Rågsved nikamweleza nimesimama. Hakufoka. Ningefurahi angefoka.

"Ulihesabu mara mbili," akasema. "Ungeuliza mara moja."

Kisha akanipa ile bisibisi. "Chukua. Mie sina tena cha kusikiliza."

Tangu siku hiyo hakushuka uwanjani Jumamosi. Nilimtembelea, tukanywa chai, tukazungumza habari za theluji. Tulipomzika, vile vitenge vilikuwa kabatini, vimekunjwa vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki, nami ndiye niliyeinamisha mtungi.

Mwanangu, kuuliza si ujinga; ujinga ni kuwa na hakika ukiwa na kipimo cha kwenu katika nchi ya watu. Sheria zitakuja, nyingi zitakuwa za haki, na zitagusa kitu anachokipenda mtu. Usiwe mwepesi kumtoa mtu kitu chake kwa ncha ya kalamu. Na mwenyewe akikuambia "mbona", weka kalamu chini. Ile "mbona" ya Mzee ndiyo ilikuwa hesabu sahihi, nami niliipita kama kituo nisichoshukia.

Bisibisi iko kwenye droo ya jikoni. Nikiondoka, ni yako. Mungu akupe jicho la kusoma na sikio la kusikiliza, na akuwekee wa kumuuliza angali hai. Amina. Nirudie, nisije nikakosea: amina.