Nilivyoupima Udongo wa Kanisa

Aibu hii ningeificha, lakini Othaya nzima wanaijua, sasa nimfiche nani?

Miaka ya sabini nilikuwa mpimaji wa udongo katika maabara moja Nyeri, na kanisa la huko Othaya likataka kujenga ukumbi kwenye mteremko. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa Mzee Gathogo, baba ya mchumba wangu Wangari, na Jumamosi nilikuwa nimpelekee wazee wangu kuomba binti, kwa hivyo kazi hiyo singethubutu kuichelewesha. Kupima nguvu ya udongo ni hivi: unauchonga kama mshumaa mnene, unauvalisha kifuko cha mpira, unausimamisha ndani ya chupa kubwa ya maji, maji yanaubana pande zote huku mashine ikiukandamiza kutoka juu mpaka ukatike, na unafanya hivyo mara tatu, kila mara maji yakibana zaidi. Vifuko vilikuwa vimeisha. Nikajiambia, kwani kondomu si mpira tu?

Nikaenda kwa Bwana Salim, mwenye duka la dawa, nikaomba pakiti kubwa, na kwa vile mimi ni mtu wa vipimo nikatoa rula (ndiyo, rula, pale kaunta).

"Hii ikibanwa kwa nguvu asubuhi yote haiwezi kupasuka?"

"Bwana wee," Salim akasema, "unakwenda kufanya nini?"

"Ni kazi ya kanisa."

Mtu akakohoa nyuma yangu. Mzee Gathogo, amekuja kununua dawa ya kifua.

"Mzee, ni ya udongo wenu," nikasema, na wallahi wakati ule niliona ni jibu zuri.

"Kesho nitakuja kuona huo udongo."

Akaja na wazee wawili wa kanisa, na Wangari mwenyewe. Nikawasha mashine. Udongo ukasimama ndani ya maji, umevaa. Mzee mmoja akavua kofia. Ukafura tumbo, ukainama, ukakatika, na bado nilikuwa na mara mbili zingine. Wangari alikuwa amegeukia dirisha, mabega yakitikisika. Nikajua analia, nikajua nimempoteza.

Nikafanya hesabu, nikawaambia ukweli: mteremko ni dhaifu, jengeni pale tambarare.

Mzee Gathogo akafikiri. "Ya udongo nimeamini. Zilizobaki ziko wapi?"

Nikampa pakiti. Akaitia mfuko wa koti.

"Jumamosi leta wazee wako. Hizi nitakurudishia baada ya harusi."

Tangu siku hiyo vifuko vya maabara naviagiza mapema, na duka la dawa siingii hata nikiwa na malaria. Wangari hakuwa analia, alikuwa anacheka, na mpaka leo anacheka. Ukumbi uko tambarare, haujapata hata ufa. Ile pakiti mzee hakunirudishia mpaka tukamzika, na tuko na watoto tisa.